Jeshi la Watu Wanne Juu ya Duka la Mbolea

Kila asubuhi, kabla wauza mandazi wa mjini Kakamega hawajamaliza karai la pili, Rachael Muhonja alipuliza filimbi ndani ya chumba kilichokuwa juu ya duka la mbolea, na jeshi lake lote likasimama wima. Jeshi lenyewe lilikuwa watu watatu. Ukimhesabu na yeye walikuwa wanne, na siku ambazo mwenye duka la chini alipanda ngazi kuuliza ni nani amekufa, walikuwa watano.

"Kikosi!"

"Tupo, Kamanda!" wakajibu, Shantel akiwa bado na kipande cha andazi shavuni.

Mtu asidhani kwamba hawa walikuwa wanajeshi. Walikuwa vijana wa kuandika programu za kompyuta, na kitu cha hatari zaidi walichowahi kukishika ni soketi ya ukutani iliyokuwa ikitoa cheche. Programu yao iliitwa Foleni. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wakulima wa miwa siku ya kukata, na kuwaambia madereva wa trekta shamba la kwenda kubeba, ili miwa ifike kwenye mizani ya kiwanda cha sukari ikiwa bado na maji yake. Ujumbe ulitoka juu ya duka la mbolea, ukaingia katika simu za watu hadi Khwisero na kwingineko, na watu wakafanya ulivyosema. Ukifikiria vizuri, wapo majenerali ambao hawajawahi kutiiwa hivyo.

Uanajeshi ulianza Rachael alipohudhuria semina ya uongozi katika hoteli moja ya mjini. Mzungumzaji alikuwa kanali mstaafu mwenye masharubu yaliyokatwa kana kwamba kwa rula. Asubuhi ile kanali alifundisha nidhamu, ngazi za amri, na jinsi kikosi kisicho na sauti moja kinavyoangamia. Rachael alikuwa amechoka kuongoza watu wanaobishana siku nzima juu ya rangi ya kitufe. Alisikiliza kama mtu aliyefunguliwa mlango wa mbinguni. Kisha, saa ya chakula, akapigiwa simu kwamba seva imezimika, akaondoka mbio. Kipindi cha mchana hakukiona. Akabaki na nusu ya elimu, na nusu hiyo akaitumia yote.

Akagawa vyeo. Phineas, aliyeandika programu, akawa Kapteni wa Mitambo. Shantel, aliyepokea simu za wakulima na madereva, akawa Luteni wa Mawasiliano. Khisa, aliyechora ramani za mashamba na kufuatilia trekta zilipo, akawa Koplo, akanuna wiki nzima. Sheria zikatoka: hakuna kubadilisha kitu bila idhini ya Kamanda, hakuna kumwambia dereva neno ambalo Kamanda hajalisema, na kwenye gwaride hakuna kufungua mdomo mpaka uulizwe.

Hakuna aliyelalamika. Wote watatu walikuwa wamesoma shule za bweni, na mtu aliyekwisha kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa miaka minne hashangazwi na jambo dogo kama hilo.

Sasa, siku yenyewe. Jioni ya siku ile kiwanda kilikuwa kinazima mitambo kwa matengenezo. Geti lingefungwa saa kumi na mbili, na lisingefunguliwa tena kwa majuma kadhaa. Muwa uliosimama shambani ungengoja bila shida. Lakini muwa uliokwisha kukatwa haungoji. Unalala juani, unakauka, unachacha, na mkulima aliyeulea kwa zaidi ya mwaka na nusu anabaki na kuni mbaya.

Gwaride lilikuwa halijaisha simu ya Rachael ilipolia. Alikuwa mama yake, Sellah, kutoka Khwisero.

"Rachael, trekta yako iko wapi?"

"Mulembe, Mama," Rachael alisalimu kwanza.

"Mulembe utaniambia nikiona trekta. Wamekata yote jana. Hakuna hata mmoja umesimama. Hapa ni kama uwanja wa mpira."

"Nani alikwambia ukate, Mama? Zamu yako ni baada ya kiwanda kufungua."

"Wewe."

"Mimi?"

"Simu ilisema kata. Nikauliza Naliaka hapo juu, yake pia ilisema kata. Nikasema basi, kama ni mtoto wangu amesema, anajua. Nikaita wakataji. Kwani haukuwa wewe?"

Rachael alisema trekta inakuja, akakata simu, akageukia kioo kikubwa cha kompyuta kilichokuwa ukutani. Kioo kilionyesha geti la kiwanda. Siku ya mwisho kama hiyo trekta zilipaswa kupanga foleni mpaka barabarani, madereva wakicheza karata chini ya matela. Foleni ilikuwa tupu. Hakukuwa na trekta hata moja.

"Luteni," alisema polepole. "Trekta ziko wapi?"

Shantel alimeza andazi. "Madereva wanapiganga simu tangu jana mchana, Kamanda. Wanasema wamekwama."

"Tangu jana mchana! Na hukuniambia?"

"Haukuuliza, Kamanda."

Khisa, bila kuulizwa, aligeuza kompyuta yake kidogo ili ionekane. Kwenye ramani, alama za trekta zilikuwa zimerundikana mahali pamoja kwenye barabara ya udongo upande wa Khwisero, kama siafu juu ya mfupa. "Niliona jana saa ya chai," alisema akiangalia viatu vyake. "Nikadhani ramani imeharibika. Na ramani ikiharibika, wa kulaumiwa ni mimi."

"Phineas?"

Phineas alikohoa. "Programu imetuma ujumbe wa kukata tangu jana mpaka leo alfajiri. Mwingi. Sijawahi kuona mwingi hivyo. Nilidhani ni amri yako."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Ukisema umeona, inakuwa yako."

Hapo ni lazima mtu ambaye hakulala bwenini aelezwe. Dirisha la bweni likivunjika, hakuna aliyelivunja na hakuna aliyeliona. Baridi inaingia, watu hamsini wanajifunika blanketi mpaka puani, na asubuhi wote wanashangaa kwa pamoja kama kwaya. Atakayetangulia kusema, "Mwalimu, dirisha limevunjika," ndiye atakayeulizwa kwa nini alikuwa karibu nalo, na mzazi wake ndiye atakayeleta kioo. Elimu hii haipo kwenye silabasi, lakini hakuna anayeifeli. Rachael mwenyewe aliifaulu vizuri sana. Kwa hiyo watu watatu wenye akili timamu walikuwa wamekaa meza tatu zinazopakana, kila mmoja ameona kipande chake cha msiba, na kila mmoja amejifunika blanketi lake.

Phineas alichukua kalamu akachora ubaoni. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha barabara. Tela moja likaanguka mahali pembamba, trekta zilizokuwa nyuma yake zikasimama. Kule kiwandani geti likawa tupu. Programu ikaona geti tupu, ikadhani hakuna miwa mashambani, ikawaambia wakulima wakate. Miwa iliyokatwa ikaita trekta zaidi. Trekta zaidi zikaingia barabara ileile na kukwama. Geti likazidi kuwa tupu, na programu ikazidi kuamuru watu wakate. Duara hilo lilizunguka, kwa adabu na utii mkubwa, mpaka likafika kwa Mama Sellah, kisha likaendelea usiku kucha.

"Ni wapi imeharibika?" Rachael aliuliza.

"Hakuna mahali. Kila kitu kimefanya kazi yake sawasawa," Phineas alisema. "Hiyo ndiyo inanitisha."

"Zima ujumbe wa kukata."

"Naomba idhini ya—"

"Zima, Phineas!"

Akazima. Lakini miwa iliyokatwa haiwezi kurudishwa kwenye shina, na jua la Khwisero lilikuwa tayari limeanza kazi.

Rachael sasa alifanya lile ambalo makamanda wa nusu elimu hufanya mambo yanapowaharibikia: akaamuru zaidi. Alisimama mbele ya ramani na kalamu nyekundu, akaanza kuzisogeza trekta kama mtu anayecheza drafti. Huyu arudi nyuma. Yule asonge mbele. Wa tatu apite kushoto, penye njia ya ng'ombe. Shantel alipiga simu moja baada ya nyingine akirudia maneno ya Kamanda herufi kwa herufi. Shida ni kwamba amri ilipomfikia dereva, mambo yalikuwa yamebadilika. Njia ya kushoto ilikuwa imezibwa na aliyeambiwa kabla yake. Nafasi iliyokuwa nyuma imejaa.

Simu ya dereva mmoja aitwaye Patroba iliingia, Shantel akaiweka kwa sauti wote wasikie.

"Madam, habari ya huko juu?"

"Sema, Patroba," Rachael alijibu.

"Umeniambia nirudi nyuma. Nyuma kuna Wanzala. Wanzala anasema wewe mwenyewe umemwambia asonge mbele. Sasa mimi na yeye tumegusana matela na tunaangaliana tu kama mafahali wa kupigana wa Shinyalu. Unataka nipae?"

"Ngoja hapo, Patroba. Usifanye kitu mpaka nikwambie."

"Hiyo ya kungoja ndiyo tumefanya tangu jana, Madam. Tumeiweza vizuri."

Khisa alicheka, kisha akaona uso wa Rachael akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Saa sita ikafika, na foleni ya getini bado ilikuwa tupu. Mama Sellah alipiga tena. Safari hii hakugomba, na hilo lilimwogofya Rachael kuliko kugombezwa.

"Nimefunika na majani," mama alisema. "Nimemwagia na maji ya kisima. Watoto wa Naliaka wananicheka, wanasema nanyunyizia miwa kama kabeji. Rachael, hii ndiyo ya karo ya ndugu yako, na ya bati. Unajua?"

"Najua, Mama."

"Trekta iko karibu?"

"Inakuja."

Alijua kwamba amesema uongo. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za chuma zinazoshuka upande wa duka la mbolea, akajifunika uso kwa viganja vyake. Harufu ya mbolea ilipanda ngazi. Alijaribu kufikiria amri moja tu, amri nzuri kuliko zote, ambayo ingefungua barabara yote mara moja, akaona kichwani mwake hakuna kitu ila ile kalamu nyekundu ikizunguka. Akaanza kulia kimyakimya, kwa mtindo wa bweni, mdomo ukiwa ndani ya mkono wa sweta.

Phineas alitoka akasimama nyuma yake.

"Kamanda, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema tu. Wacha ujinga."

"Siku ile ya semina, mimi nilibaki."

"Najua. Ulibaki kwa sababu ya kuku."

"Kwa sababu ya ingokho, ndiyo, sikatai. Lakini ukishakula ya mtu huwezi kutoroka hivihivi. Nikasikiliza kipindi cha mchana." Alikaa ngazi moja juu yake. "Kanali alisema yale ya asubuhi ni ya gwaride. Yale ya mchana ndiyo ya vita."

Rachael aligeuka. "Miezi hii yote hukusema?"

"Haukuuliza. Na kama ningesema, ningepewa kazi ya kuyafundisha."

"Sema sasa."

Phineas alikuna kichwa akitafuta maneno. "Alisema vitani ramani inazeeka kabla hujaikunja. Redio inakufa. Aliye nyuma haoni matope, na aliye matopeni hawezi kungoja aliye nyuma aone. Kwa hiyo mkubwa anasema mambo machache. Tunataka nini kifike, na kwa nini, waziwazi, hata kama sisi wakubwa tukifa wote, yule wa mwisho bado anaweza kuendelea. Na ni kitu gani marufuku. Basi. Njia ni ya aliye matopeni."

"Na akiamua vibaya?"

"Mimi nilimuuliza hiyo. Akasema ataamua vibaya, mara nyingine. Lakini litakuwa kosa dogo la mtu mmoja mahali pamoja. Si kama letu, kosa moja limelalia mashamba yote." Aliinua kidole. "Alisema na lingine. Ukishawapa njia, huwezi kuinyang'anya kwa sababu haikupendezi. Ukifanya hivyo mara moja tu, kesho wote watasimama wakungoje."

Kule chini mtu alikuwa akipakia magunia kwenye mkokoteni, akihesabu kwa sauti. Rachael alijipangusa uso kwa sweta.

"Ungeniambia mapema ningekupa kuku wawili," alisema, akaingia ndani.

Ujumbe alioandika ulikwenda kwa kila dereva na kila nyapara wa wakataji. Alitaka kuanza na salamu za kikosi, akafuta. Ulisema hivi:

"Kosa la ujumbe wa kukata ni langu, Rachael Muhonja, wala si la mkulima wala la dereva. Kiwanda kinafunga saa kumi na mbili jioni na miwa iliyokatwa itaharibika. Tunachotaka: miwa mingi kadiri inavyowezekana ipite mizani kabla ya geti kufungwa, haidhuru ni ya nani. Marufuku: kuhatarisha mtu, na kuziba barabara. Mengine yote amueni nyinyi mlioko huko. Ofisi haitatoa amri tena leo. Mkitaka kujua mwenzenu yuko wapi au amefanya nini, pigeni, tutawaambia."

Khisa alisoma mstari wa kwanza mara mbili. "Umesema ni kosa lako. Kwa maandishi."

"Dirisha limevunjika, Khisa. Mtu aseme tuzibe."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Alama kwenye ramani hazikusogea, na Rachael alikalia viganja vyake ili visiiendee kalamu. Shantel aliuma kucha. Kisha alama moja ikasogea kidogo. Ikafuata nyingine.

Simu zikaanza kuingia. Patroba na Wanzala walikuwa wameacha kuangaliana. Walifungua tela la Patroba, wakalisukuma pembeni kwa nguvu za wakataji wote waliokuwepo, na trekta yake ikiwa nyepesi ikageuka ikavuta lile tela lililoanguka. Wakataji wa kilima cha pili waliona kungoja trekta iingie ni kupoteza siku, wakaanza kubeba miwa mabegani mpaka kando ya lami, wakiimba nyimbo ambazo Shantel alisema haziwezi kurudiwa ofisini. Dereva mwingine alimwomba mwalimu mkuu wa shule ya msingi ruhusa, akageuzia trekta kwenye uwanja wa mpira, na wengine wanne wakamfuata.

"Nani aliwaambia hivyo?" Rachael aliuliza.

"Hakuna," alisema Khisa, na macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyeona ng'ombe akipanda mti.

Sasa kazi ya jeshi ilikuwa nyingine kabisa. Shantel alimweleza kila aliyepiga kile ambacho wenzake wamefanya. Khisa alitangaza barabara iliyofunguka mara tu alipoiona, bila kungoja kuulizwa, na alipokosea mara moja alipaza sauti, "Nimekosea, ni ile ya chini!" na hakuna aliyemwadhibu. Trekta ya kwanza ilifika getini. Kisha tatu pamoja. Kisha foleni ikaanza kuonekana kwenye kioo, na Phineas, ambaye kwa kawaida hakuonyesha furaha ila mbele ya chakula, alipiga meza kwa ngumi.

Rachael alihesabu saa kichwani. Shamba la mama yake lilikuwa chini kabisa, ng'ambo ya kijito. Trekta iliyokuwa karibu nalo ilikuwa ya Wanzala. Alama yake ilishuka polepole kwenye ramani, ikashuka, ikasimama.

Simu ikalia.

"Madam, ni Wanzala. Niko hapa kwa kijito."

"Nakusikia, Wanzala."

"Nilikuwa naenda kwa huyo mama wa ng'ambo, lakini hii daraja ya kalvati siipendi. Upande mmoja umekula udongo. Trekta tupu inaweza kupita. Kurudi na mzigo, sijui. Na nyuma yangu kuna wawili. Nikikwama hapa, na hao wamekwisha. Nimeamua tupande juu kwa Naliaka na wale jirani zake, tubebe hizo, tuwahi geti."

Hakujua ni mama wa nani. Hakuna aliyemwambia. Kwenye chumba, Khisa aliacha kuandika. Shantel alimtazama Rachael, kisha akatazama sakafu.

"Umeamua?" Rachael aliuliza.

"Nimeamua. Isipokuwa wewe useme lingine. Wewe ndiye mkubwa, Madam. Ukisema nivuke, navuka."

Hapo ndipo vita vyote vya siku ile vilipokuwa vimejificha. Neno moja lingetosha. Wanzala angevuka, na pengine kalvati lingemstahimili, kwa sababu makalvati mengi huko yamekuwa yakitishia kuanguka tangu enzi na bado yapo. Miwa ya mama ingepakiwa. Ingefika. Mama angesema mulembe. Na kama lingevunjika, kungekuwa na trekta kijitoni, matela mawili yakioza nyuma yake, na kila dereva barabarani angejifunza kwamba yale maneno ya ujumbe yalikuwa ya gwaride tu.

Shantel alinong'ona, "Kamanda, ni Mama."

"Najua ni nani."

"Madam? Uko?" Wanzala aliita.

Rachael aliisukuma kalamu nyekundu mbali na mkono wake. "Niko," alisema mwishowe. "Njia ni yako, Wanzala. Pandeni juu."

"Sawa. Huyo mama mtamwambia?"

"Nitamwambia mimi."

Hakupata nafasi ya kumpigia. Mama alikuwa wa kwanza.

"Rachael. Trekta ilifika kwa kijito, nimeiona na macho yangu. Imegeuka. Huyo dereva hajui nyumba?"

"Anajua, Mama. Ameona kalvati ni mbaya."

"Kalvati hiyo ni mbaya tangu uko darasa la pili! Mpigie arudi. Si wewe ndiye unawaambianga mahali pa kwenda?"

"Aliniuliza kama avuke." Rachael alishika ukingo wa meza. "Nilimwacha aende."

Kwa mbali, ndani ya simu, sauti ya trekta ilisikika ikipanda kilima kuelekea kwa Naliaka.

"Kwa hivyo wewe ndiye ulisema kata," mama alisema, "na wewe ndiye umesema isibebwe."

"Ndiyo, Mama."

Simu ikakatwa.

Trekta ya Wanzala iliingia getini jua likiwa limeinama, na wale wawili wa nyuma yake wakaingia. Patroba aliingia wa mwisho, akimpigia honi mlinzi aliyekuwa ameshika mnyororo. Nje ya geti walibaki wachache, na huko mashambani ikabaki miwa ambayo hakuna aliyeifikia. Phineas alisema ni mingi iliyofika, zaidi ya alivyotegemea saa sita. Alisema kweli. Hakuna aliyeshangilia. Shantel alipita nyuma ya kiti cha Rachael akamwekea chai, akasahau kumwita Kamanda.

Kesho yake Rachael hakwenda ofisini. Alifika Khwisero asubuhi, akateremka kijitoni. Alisimama juu ya kalvati akalitazama kwa muda mrefu. Udongo wa upande mmoja ulikuwa umeliwa kweli, na saruji ilikuwa na ufa. Alirukaruka juu yake mara kadhaa, kama mtoto, akitaka limjibu, ama kwa kuanguka au kwa kusimama imara kabisa. Lilitikisika kidogo, basi.

Mama Sellah alikuwa shambani akiburura miwa kuipeleka zizini kwa ng'ombe. Hakumsalimia. Rachael alivua sweta, akashika upande wa pili wa mzigo, wakaburura pamoja mpaka jua likawa kali. Naliaka alipita njiani, akaona, akaongeza mwendo.

Mwishowe mama alikaa juu ya rundo. "Huyo dereva," alisema. "Angevuka, angefika?"

"Sijui, Mama."

"Haujui."

"Hakuna anayejua. Nimetoka kuliangalia sasa hivi, na bado sijui."

"Na ungemwambia avuke, angevuka?"

"Angevuka."

Mama alichomoa muwa mmoja kutoka kwenye rundo, akaumenya kwa meno, akatafuna polepole huku akitazama kilima ambako mashamba ya Naliaka yalikuwa meupe, yamebebwa yote. Akatema makapi.

"Imeanza kuchacha," alisema, akampa binti yake kipande kilichobaki aonje mwenyewe.